Jukwaa la Kuinulia Gari mbele ya Mchunguzi wa Hataza: Ufundi wa Katuba na Lugha ya Madai

1. Utangulizi

Katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, magari mengi hayatengenezwi juu ya sakafu ya saruji. Hutengenezwa uani, kando ya barabara au chini ya mwembe, juu ya udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali na wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hulainika na kuteleza. Kifaa cha kwanza cha fundi ni jeki, ambayo wenyeji huiita kriki kwa kufuata Kifaransa. Kifaa hicho kinapozama au kuinama, gari humwangukia aliye chini yake. Kwa hiyo mafundi hawaachi kubuni: mmoja huunganisha bamba la chuma chini ya jeki, mwingine huitafutia jeki magurudumu, na mwingine hufikiria kuiendesha kwa betri ya gari lile lile, kwa kuwa umeme wa mjini hukatika mara kwa mara.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ofisi ya hataza inavyochunguza uvumbuzi wa aina hiyo, yaani jukwaa la kuinulia gari linalosukumwa kwa magurudumu na kuendeshwa kwa betri. Suala hili huonekana kuwa la wanasheria na wahandisi peke yao. Hata hivyo, mchunguzi wa hataza kwa kawaida haletewi mashine. Huletewa karatasi, naye huamua kwa kuyasoma maneno yaliyomo. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa lugha ana neno la kusema hapa, hasa pale ambapo mvumbuzi anafikiri kwa Kiswahili na ombi lake linaandikwa kwa Kifaransa.

2. Hataza na aina mbili za uchunguzi

Neno hataza, ambalo limekubalika Tanzania na Kenya, hutaja haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Hataza isichanganywe na hakimiliki, ambayo hulinda vitabu, nyimbo na kazi nyingine za sanaa. Katika Lubumbashi neno linalosikika ni breve, kutoka Kifaransa, ingawa wengi huliunganisha zaidi na vyeti vya shule kuliko na mashine.

Hataza ni mapatano. Mvumbuzi huieleza siri yake waziwazi, kiasi cha kumwezesha fundi mwingine mwenye ujuzi wa kawaida kuitengeneza mashine hiyo. Dola nayo humlinda kwa muda. Muda ukiisha, maelezo hayo huwa mali ya watu wote.

Kuna uchunguzi wa aina mbili. Uchunguzi wa umbo hutazama kama karatasi zimekamilika, ada imelipwa, na michoro ipo. Uchunguzi wa kiini hutazama uvumbuzi wenyewe na kuuliza maswali matatu: Je, ni mpya? Je, una hatua ya uvumbuzi, yaani si jambo ambalo mjuzi wa kawaida wa fani angelifikia bila taabu? Je, unaweza kutumika katika viwanda au kazi nyingine za uzalishaji? Swali la tatu halina ugumu kwa jukwaa la kuinulia gari. Uzito wa mambo uko katika mawili ya kwanza.

3. Kifaa kinachochunguzwa

Ili maelezo yasielee hewani, ufuatao ni mfano wa kubuni. Fundi wa Katuba ameunda fremu ya chuma yenye magurudumu manne madogo. Juu yake amefunga betri ya volti 12, mota, pampu ya mafuta na mikono miwili inayopishana kama mkasi. Mikono hiyo hubeba bamba. Jukwaa husukumwa chini ya gari, mota huzungusha pampu, mafuta husukuma pistoni, mkasi hufunguka na bamba hupanda. Mashine yenyewe ina uzito wa kilo 200.

Mchunguzi makini huanza kwa kuuliza tatizo liko wapi. Watu wengi wangesema kwamba liko katika betri: je, itaweza? Hesabu inaonyesha vingine. Kuinua gari la kilo 1,500 kwa nusu mita kunahitaji jouli 7,350 hivi, yaani wati-saa 2 tu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 60 ina wati-saa 720. Hata kama theluthi mbili za nishati zitapotea katika mota, pampu na misuguano, betri hiyo kwa hesabu tupu ingeliinua gari zaidi ya mara 100. Kazi hiyo ikifanywa kwa sekunde 30, mkondo unaohitajika ni ampea 60 hivi, nao ni mdogo kuliko ule unaovutwa na mota ya kuwashia injini. Nishati, basi, si kikwazo.

Kikwazo kiko ardhini. Gari likishainuliwa lote, kilo 1,700 hukaa juu ya magurudumu manne. Ikiwa kila gurudumu linagusa ardhi kwa sentimita mraba 10, kila sentimita mraba ya udongo hubeba kilo 42. Udongo uliolowa hauwezi kustahimili hayo: gurudumu moja likizama, jukwaa huinama na gari huteleza. Kama uzito ungehamia kwenye miguu bapa minne ya sentimita 20 kwa 20, kila sentimita mraba ingebeba kilo moja na kidogo, yaani mara 40 pungufu. Hapa ndipo fundi wetu alipotia akili yake. Kila gurudumu amelitundika kwenye springi. Bamba linapogusa gari na kuanza kulisukuma, uzito hurudi chini, springi hubonyea, fremu hushuka, na miguu bapa hukaa ardhini kabla matairi ya gari hayajaachana na ardhi.

4. Mchunguzi kazini

4.1 Kutafuta ujuzi uliotangulia

Mchunguzi hupanga kwanza ombi katika Mpangilio wa Kimataifa wa Hataza, ambao msingi wake ni Mapatano ya Strasbourg ya mwaka 1971. Vifaa vya kuinulia vimo katika fungu la B66F: jeki ziko kwenye kikundi cha 3, na fremu za kuinulia magari pamoja na majukwaa ziko kwenye kikundi cha 7. Kisha hutafuta katika hati za hataza, vitabu na katalogi za dunia nzima kila kitu kilichowekwa hadharani kabla ya siku ya kuwasilisha ombi. Jumla ya hayo huitwa ujuzi uliotangulia.

Katika fani hii ujuzi huo ni mwingi. Joseph Bramah alipata hataza ya shinikizo la maji Uingereza mwaka 1795. Richard Dudgeon alipata hataza ya jeki ya haidroliki ya kubebeka Marekani mwaka 1851. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Gaston Planté, Mfaransa, mwaka 1859. Miaka ya 1920 Peter Lunati wa Memphis alitengeneza mtambo wa haidroliki wa kuinulia magari katika gereji. Tangu hapo mikono ya mkasi, mota za umeme na magurudumu yameunganishwa kwa namna zisizohesabika.

4.2 Upya

Kanuni ya upya ni kali lakini ni rahisi kueleweka: hati moja inayoonyesha sifa zote za dai kwa pamoja huliua dai hilo. Fundi akidai tu "jukwaa la kuinulia gari lenye magurudumu, betri na mota", mchunguzi atatoa hati moja na kulikataa dai. Akiongeza magurudumu ya springi na miguu bapa, huenda isipatikane hati moja yenye vyote. Dai hilo ni jipya.

Upya una adui mwingine aliye karibu zaidi, naye ni mvumbuzi mwenyewe. Jukwaa likitumiwa uani mbele ya wateja, au likionyeshwa kwenye maonyesho kabla ya ombi kuwasilishwa, limeshaingia katika ujuzi uliotangulia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humsamehe mvumbuzi aliyejifichulia ikiwa ombi limewasilishwa ndani ya miezi 12. Mkataba wa Hataza wa Ulaya hautoi msamaha huo ila katika hali chache mno. Katika mitaa ambako gereji haina ukuta na kila mpita njia ni mtazamaji, kanuni hii ina ukali wa pekee.

4.3 Hatua ya uvumbuzi

Swali la pili ndilo gumu. Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich huliendea kwa utaratibu ufuatao: huchagua hati iliyo karibu zaidi na uvumbuzi, hutaja tofauti, huuliza tofauti hiyo inatatua tatizo gani, kisha huuliza kama mjuzi wa kawaida, akiwa na tatizo hilo mkononi, angefikia utatuzi huo huo. Neno la kuangaliwa ni "angefikia". Haitoshi kwamba angeweza. Lazima iwepo sababu ya kumsukuma huko.

Kwa mfano wetu, hati ya karibu ni jukwaa la mkasi lenye betri. Tofauti ni magurudumu ya springi. Tatizo ni kusimama imara juu ya ardhi laini. Hapo mchunguzi hukumbuka kitu kisichohusiana na magari hata kidogo: kigoda cha maktaba. Vipo vigoda vinavyosukumwa kwa mguu kati ya rafu za vitabu. Mtu akipanda, magurudumu ya springi huzama ndani na kigoda hukaa imara sakafuni. Wazo ni lile lile. Je, fundi wa magari angekitazama kigoda cha maktaba? Wakili wa mvumbuzi atasema hapana, fani ni mbili tofauti. Mchunguzi atasema kwamba tatizo la kitu chenye magurudumu kinachotakiwa kutulia kinapopandiwa ni la jumla, na mjuzi yeyote angetafuta jibu popote lilipo. Hoja ya mchunguzi ina nguvu, na yaelekea ingeshinda.

Hata hivyo, uvumbuzi haujafa. Tuseme fundi aliweka swichi kwenye kila mguu. Swichi nne zimeunganishwa mfululizo. Kabla miguu yote haijagusa ardhi, umeme hupita kwenye kizuizi, na mota hupata nguvu ya kubonyeza springi tu, isiyotosha kuliinua gari. Mguu wa nne unapogusa, mota hupata nguvu kamili. Mguu mmoja ukiwa juu ya shimo, gari halitoki ardhini. Kigoda cha maktaba hakifundishi hayo. Springi, mguu na swichi sasa hufanya kazi moja kwa pamoja, na tokeo lake linazidi jumla ya sehemu zake. Hapo mchunguzi ana sababu nzuri ya kutambua hatua ya uvumbuzi.

Somo hili ni muhimu. Sifa iliyoiokoa hataza siyo ile ambayo mwenyewe angeitangulizia katika maelezo. Kwa fundi, swichi zile huenda ni jambo dogo la tahadhari. Kama hazikuandikwa katika ombi siku ya kwanza, haziwezi kuongezwa baadaye, kwa kuwa sheria za hataza hukataza kuongeza jambo ambalo halikuwamo katika ombi la awali.

5. Lugha ya madai

Sehemu ya ombi inayochora mpaka wa haki huitwa madai. Kwa desturi kila dai ni sentensi moja, hata iwe ndefu namna gani. Lifuatalo ni jaribio la kuandika dai la kwanza kwa Kiswahili:

"Jukwaa la kuinulia gari, lenye fremu, magurudumu manne, betri iliyobebwa na fremu hiyo, mota inayopata umeme kutoka kwa betri hiyo, na bamba linaloinuliwa na mota hiyo, ambalo lina miguu bapa inayoshuka yenyewe hadi ardhini gari linapoanza kuinuliwa."

Mambo manne yanajitokeza hapa.

Kwanza, upatanisho wa ngeli. Upatanisho wa Kiswahili huonyesha wazi kiambishi kinarejea nomino ipi: "iliyobebwa" haiwezi kurejea jukwaa. Lakini faida hiyo hugeuka hasara pale nomino mbili zinapokuwa katika ngeli moja. Katika dai hili "ambalo" laweza kurejea jukwaa, laweza kurejea bamba, kwani zote ni za ngeli ya LI-YA. Mshindani atasema kwamba kwake miguu imefungwa kwenye fremu, wala si kwenye bamba, hivyo hakuingilia dai. Dawa ni kurudia nomino: "na jukwaa hilo lina miguu bapa". Urudiaji ambao mwalimu wa insha huukemea, hapa ni ngao.

Pili, utajo wa awali na utajo wa kurejea. Kiswahili hakina kibainishi cha lazima kama kile cha Kifaransa. "Betri" yaweza kuwa betri yoyote. Kionyeshi "hiyo" ndicho kinachofunga utajo wa pili kwenye ule wa kwanza, na kukiacha ni kufungua mlango wa betri ya pili ambayo mvumbuzi hakuikusudia.

Tatu, orodha wazi na orodha fungwa. "Lenye fremu, betri na mota" haliondoi sehemu nyingine. "Lililoundwa kwa fremu, betri na mota tu" huziondoa. Mshindani anayeongeza taa moja ataepuka dai la pili, si la kwanza. Neno "tu" lenye herufi mbili laweza kubatilisha ulinzi wote.

Nne, na ndilo lililo zito zaidi, minyambuliko ya kitenzi. Miguu inashuka, inashushwa, au inajishusha? "Inashushwa" hudokeza mtendaji: mtu anayebonyeza kitufe, au mota ya pili. "Inashuka yenyewe" huonyesha kwamba uzito wa gari unatosha. Vivyo hivyo "hufungwa" na "hujifunga" hutenganisha kufuli la mkono na lile linalojikamata umeme ukikatika. Kiini cha uvumbuzi wa fundi wetu kimo ndani ya tofauti hiyo. Mfasiri anayehamisha "inashuka yenyewe" kwenda Kifaransa kwa kitenzi cha kutendwa amekitupa kiini hicho, na mchunguzi hatakiona kamwe.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho huchukua majina ya vyombo kutoka Kifaransa na kuyaweka katika sarufi yake. Kwa kuwa majina yanafanana na ya Kifaransa, mfasiri hudhani hana kazi. Majina ya vyombo hayamsumbui kweli. Vitenzi ndivyo vinavyobeba ufundi, na vitenzi hivyo ni vya Kibantu.

6. Hali ya Kongo

Hataza nchini Kongo husimamiwa na Sheria Na. 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 kuhusu mali ya viwanda, iliyotolewa wakati wa Zaire. Chini ya sheria hiyo ombi hupitia uchunguzi wa umbo, bila ule wa kiini. Mwombaji hupewa cheti kwa dhamana yake mwenyewe. Hali ni tofauti Kenya, ambako ofisi ya taifa hufanya uchunguzi wa kiini, na pia katika shirika la kikanda la ARIPO lenye makao Harare, linalochunguza maombi kwa mujibu wa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982.

Mtu anaweza kudhani kwamba fundi wa Katuba amepata nafuu: hakuna mchunguzi wa kumletea kigoda cha maktaba. Nafuu hiyo ni ya muda. Uchunguzi ulioachwa ofisini hungoja mahakamani. Siku fundi atakapomshtaki mwigaji, mwigaji atazileta hati zile zile na kuomba hataza ibatilishwe. Aidha, Zaire ilijiunga na Mkataba wa Paris mwaka 1975, na mkataba huo humpa mvumbuzi miezi 12 ya kupeleka ombi lake nchi nyingine huku akihifadhi tarehe ya kwanza. Akilipeleka kwenye ofisi inayochunguza kiini, maneno ya ombi la kwanza ndiyo yatakayopimwa, kama yalivyo.

Historia ya betri yenyewe inaonyesha uzito wa karatasi. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti yafaa kwa betri zinazochajiwa upya. Chuo hicho hakikutaka kugharamia hataza, na haki zikaenda kwa kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu, na mwaka 2019 Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi ya Katanga. Madini yamepita Lubumbashi kwa reli na kwa barabara. Hati zinazogawa faida ya madini hayo zimeandikwa kwingine na kwa lugha nyingine.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba mchunguzi wa hataza hupima tofauti ndogo kati ya kitu na vilivyokitangulia, na kwamba tofauti hiyo hukaa ndani ya maneno machache: kiambishi, kionyeshi, mnyambuliko. Kwa hiyo Kiswahili kina kazi ya kufanya hata pale ambapo lugha ya ombi ni Kifaransa. Fundi anapaswa kwanza kuandikiwa maelezo yake kwa Kiswahili anachokisema, sehemu kwa sehemu, pamoja na mchoro, na kuulizwa kwa kila kitenzi: nani anatenda, na nini kinatokea chenyewe? Baada ya hapo ndipo ifuate tafsiri, nayo isomwe kwake kwa sauti kabla ya kutiwa saini.

Istilahi za msingi zipo tayari: hataza, dai, upya, hatua ya uvumbuzi, ujuzi uliotangulia. Kinachokosekana ni watu waliofunzwa kuzitumia kati ya gereji na ofisi. Idara za lugha zinazofundisha tafsiri ya fasihi na ya sheria zingeweza kuongeza tafsiri ya hataza bila gharama kubwa, kwa kuanza na vifaa vinavyojulikana na kila mwanafunzi. Jeki inafaa kwa mwanzo huo. Kila mtu ameiona, na kila mtu anajua kinachotokea inapoteleza.